Makofi ya Treni

Walimfungia mwanangu stoo kwa kosa ambalo alikuwa bado hajalifanya. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu wengi hapa mtaani Makanyagio wanapenda kulianza jambo hili mwishoni, pale nilipowaambia wageni wa heshima washushe mikono, halafu wananiita mkorofi. Ukorofi siukatai. Ila nilichokozwa kwanza.

Mwanangu anaitwa Venant, ana miaka kumi na mitano, na ana usonji. Neno hilo nimelijua ukubwani. Kabla yake nilipewa maneno mengine mengi, na karibu yote yalikuwa ya kumtafuta mchawi. Venant haongei sana. Anapenda maji ya bomba, anapenda kila jambo lije kwa zamu yake, na akizidiwa hujigonga kichwa ukutani au humng'ata aliye karibu. Sifichi. Nina alama za meno yake mkononi na siku zote navaa mikono mifupi.

Kabla ya shule alikuwa anaishi Katumba, shambani kwa ndugu za baba yake. Huko shangazi yake, Joséline, alimfunga kamba kiunoni, akaifunga kamba kwenye nguzo ya ghala la mahindi ili asikimbilie barabarani. Joséline si mtu mbaya. Alikuwa na shamba la kulima na watoto wake wa kuwatazama, na kamba ndiyo msaada alioujua. Lakini siku niliyofika nilimkuta mwanangu ameizunguka ile nguzo mpaka kamba imeisha, shavu limebanwa kwenye mti. Niliikata kamba kwa kisu cha jikoni, nikapanda naye bodaboda moja kwa moja mpaka mjini.

Mume wangu, Patrick, ambaye bado analima kule, hakunizuia. Alisema tu kwamba kama hakuna shule itakayomvumilia, mtoto atarudi Katumba, kwa sababu mimi nashinda sokoni nauza dagaa wa Ikola na siwezi kumwacha peke yake nyumbani. Nikakubali. Tangu siku hiyo nikawa najua: ni shule au kamba.

Shule ikapatikana, ng'ambo ya reli. Ina kitengo maalumu, darasa moja la mwisho kabisa karibu na bomba la maji, na mwalimu wake ni Mwalimu Romana, mwanamke mwenye sauti laini na moyo mkubwa. Venant alijifunza kukaa kwenye dawati. Alijifunza kuandika jina lake, herufi V ikiwa kubwa kuliko nyingine zote pamoja. Mwaka mzima nililala usingizi.

Mwaka huu ukaja mradi. Kijana mmoja mpole, Gervas, fundi wa huo mradi, alituita wazazi akatuonyesha bangili nyeusi ya mpira. Alisema ndani yake kuna vihisio vinavyosikiliza mapigo ya moyo, vinavyohisi jasho la ngozi na mwendo wa mkono, kisha vinatuma habari kwenye simu ya mwalimu. Mtoto akiwa sawa, simu inaonyesha kijani. Akianza kuchafukwa, njano. Ikiwa nyekundu simu inalia, na maana yake ni kwamba baada ya dakika chache mtoto atalipuka, hivyo mwalimu ana muda wa kujiandaa.

Niliipenda ile bangili, nisiseme uongo. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nachungulia vidole vyake vikianza kucheza na shingo ikianza kukakamaa, hata kanisani, hata nikiwa na homa. Nilifurahi kupata msaidizi. Venant naye aliikubali alipogundua kwamba inaweza kuingia kwenye maji isiharibike.

Habari za stoo nilizijua kwa harufu. Shati lake lilianza kurudi nyumbani linanuka dawa ya kuhifadhia mahindi, na sisi nyumbani mahindi hatuweki, tunanunua unga. Nilimuuliza Mwalimu Romana, akaangalia chini. Akasema simu ikilia, Venant anapelekwa chumba cha utulivu mpaka kijani kirudi. Nikamwomba anionyeshe hicho chumba. Kilikuwa stoo ya shule: majembe, mikeka, magunia ya mahindi ya uji, kidirisha kimoja juu karibu na dari, na mlangoni karatasi mpya imeandikwa CHUMBA CHA UTULIVU. Kitasa kilikuwa upande wa nje.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Zefania, nikiwa nimeshapandisha hasira. Nikamkuta amefungwa bandeji kwenye dole gumba. Nikamuuliza mwanangu anafanya nini mpaka anafungiwa.

"Hafanyi kitu, Mama Venant," akasema, na alisema kwa fahari kabisa. "Ndiyo uzuri wa mradi. Tunamuwahi kabla hajafanya."

Nikamuuliza na hilo dole je. Akalificha chini ya meza. Alikuwa ameng'atwa wakati anamvuta Venant kumwingiza stoo, kumzuia asing'ate mtu. Nilitaka kucheka, lakini akaendelea. Wageni wa mradi wanakuja mwisho wa mwezi, akasema, na yeye hawezi kuwa na mtoto anayeng'ata walimu. Akimuumiza mtu mmoja tena, Venant atakaa nyumbani, na si kwa wiki moja. Aliyasema hayo taratibu huku ananitazama usoni, na mimi niliiona ile nguzo ya Katumba mbele ya macho yangu.

Kesho yake sikwenda sokoni. Nilimwachia jirani yangu Immaculata dagaa wangu, nikaenda kukaa nyuma ya darasa la Mwalimu Romana, kwenye benchi la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Mwalimu mkuu alikuja kunieleza kwamba wazazi hawakai darasani. Nikamwambia anitoe mbele ya watoto, nione. Akageuka, akaondoka.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Venant alikuwa dawati la mbele anaandika zile V zake. Simu ilikuwa mezani, kijani tupu. Gervas naye alikuwepo, amekaa pembeni na kishikwambi chake anafuatilia mistari ya mradi. Ikakaribia saa ya uji. Mwalimu Romana akaangalia simu, uso ukamng'aa, akaweka chaki chini.

"Watoto, mnamwona Venant? Leo ametulia kijani asubuhi yote. Tumpe treni."

Sasa nieleze hapa, maana shule zetu bila makofi haziendi. Ukijibu sawa unapigiwa, ukikosea unapigiwa kwa kujaribu, mgeni akiingia anapigiwa, akitoka anapigiwa kwa kutoka. Makofi ya treni aliyabuni Mwalimu Romana mwenyewe, kwa upendo, na ndiyo zawadi kubwa kuliko zote katika kitengo kile. Mwalimu anasema mikono juu, wote wanainua. Yanaanza taratibu, pa, pa, pa, yanaongeza kasi, yanakimbia mpaka darasa zima linatetemeka, na mwisho binti mmoja anayeitwa Kija, ambaye angeishi kwa ajili ya kazi hiyo tu, anapiga honi kwa mdomo mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Mikono ikapanda. Venant hakuwa ameangalia nyuma. Kofi la kwanza likampata ameinama juu ya daftari, na mimi nikamwona akishtuka mwili mzima. Vidole vikaanza. Shingo ikakakamaa. Makofi yakakimbia, Kija akapiga honi, na katikati ya honi simu ikalia nyekundu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa anavizia dirishani, akaingia na mwalimu mwingine wakamshika mwanangu mikono, wakamtoa. Walikuwa wamemsifia kwa kutulia, sasa wanamfungia kwa kutotulia, na hapakupita hata muda wa kunywa maji.

Nilisimama nikaenda kuufungua ule mlango mwenyewe. Hakuna aliyenigusa. Nilikaa na Venant kwenye bomba, mikono yetu yote minne ndani ya maji, mpaka mwili wake ukalegea. Kisha nikamkabidhi kwa Gervas amtazame, nikarudi kwa Mwalimu Romana na mwalimu mkuu, nikawaambia nilichokiona.

Mwalimu Romana hakuamini. Alisema makofi ni upendo, watoto wote wanayafurahia, na Venant siku nyingine huwa mwekundu hata kama hakupigiwa yeye. Nikamuuliza siku hizo kapigiwa nani. Hapo Gervas, aliyekuwa ameingia na Venant amemshika mkono, akaweka kishikwambi mezani. Kila mstari mwekundu ulikuwa na sauti ya darasa chini yake, kwa sababu bangili ilikuwa inapima na kelele pia. Karibu kila mwinuko ulitanguliwa na makofi. Alisema aliyaona siku zote, ila alidhani ni mvua juu ya bati. Mwalimu Romana alikaa kwenye dawati la mtoto akaanza kulia, na mimi nilimwonea huruma, kwa sababu yeye alikuwa anatoa kitu kizuri alichonacho.

Mwalimu mkuu hakulia. Alisema darasa lisilo na makofi ni msiba, na kwamba Kija na wenzake hawawezi kunyang'anywa furaha yao kwa ajili ya mtoto mmoja. Wakati wa makofi, akapendekeza, Venant awekwe stoo kwanza, tena wageni wakija iwe hivyo hivyo.

Ukweli, kuhusu Kija alikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lakini nilishindwa kukaa kimya.

"Mwalimu, nyie mmemvisha bangili mjue yeye atafanya nini," nikamwambia. "Na yeye, nani anamwambia nyie mtafanya nini?"

Akanijibu kwamba ofisi ina kazi nyingi.

Nilikwenda nyumbani na swali langu mwenyewe. Jioni ile nilimchukua Venant tukaenda kwenye njia ya kuvuka reli, kama tunavyofanya treni ikiwa njiani kuingia mjini. Anaipenda treni kuliko chakula. Na treni ina kelele, mtu asinidanganye; ardhi inatikisika, mbuzi wanakimbia. Lakini ilipopiga honi kwa mbali, Venant aliziba masikio yake kwa viganja, akasogea nyuma mpaka mahali pake karibu na kibanda cha vocha, akasubiri. Mabehewa yakapita yote. Akaachia masikio, akaniangalia, akisubiri nimwambie ninachomwambia kila siku.

"Treni imepita," nikasema.

Akacheka. Nikaangalia mkononi mwake, ile bangili nyeusi iko kimya, na nikajiona mjinga kwa kutoliona jambo lililo wazi namna hiyo. Hata treni humpigia honi kwanza.

Asubuhi nilimweleza Mwalimu Romana. Hatukumwomba mtu ruhusa. Kila alipotaka makofi, kwanza alikwenda mbele ya Venant, akasema polepole, "Venant, treni inakuja." Siku za mwanzo Venant alimtazama tu, nami, dagaa nikiwa bado nimemwachia Immaculata, nikamshika mkono nikamtoa mpaka bombani, makofi yakapigwa ndani, tukarudi. Baadaye akawa anasikia neno hilo, anaweka penseli chini, anatoka mwenyewe. Kija akawa anapiga honi yake kwa nguvu zote bila kumdhuru mtu. Simu ilifika njano mara kwa mara, ikarudi. Stoo ikabaki na mahindi.

Mwalimu mkuu aliligundua siku ya kuamkia ugeni, akatuita wote wawili. Alisema mbele ya wageni hakuna mtoto kutoka darasani. Mtoto akitoka, wataona bangili haifanyi kazi, na yeye ndiye atakayeulizwa. Venant atakaa kwenye dawati lake, atakuwa kijani, na kama hawezi kukaa, basi tujue kwamba shule imeshafanya ilichoweza. Mimi niliaga kwa adabu nikaenda kupiga pasi shati la Venant.

Siku yenyewe darasa lilifagiliwa mpaka likanuka vumbi lililomwagiwa maji. Wageni walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, na mkubwa wao alikuwa Daktari Hana, mama wa makamo mwenye miwani, aliyewaamkia wazazi kabla ya kuamkiwa. Gervas alikuwa ameunganisha simu na televisheni ukutani, ili kila mtu aone rangi ya Venant. Kijani kilijaa kioo kizima. Nilikaa benchi la wazazi, karibu na mlango, nimepachagua.

Venant aliitwa ubaoni aandike jina lake. Akaandika. V ilichukua nusu ya ubao na herufi nyingine zikajibana pale zilipopata nafasi. Daktari Hana alitabasamu. Mwalimu Romana akaanza kuelekea kwa Venant, najua alichotaka kumwambia, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshasimama na uso umechanua.

"Mikono juu!"

Mikono ikapanda, ya watoto, ya wazazi, na ya wageni pia. Venant alikuwa amewapa mgongo, anamalizia T.

Nikasimama. "Venant," nikasema, si kwa sauti kubwa, "treni inakuja."

Akaweka chaki chini. Akageuka, akaiona mikono yote ile hewani, na televisheni ikawa njano. Akaanza kuja mlangoni. Mwalimu mkuu alimkatia njia, akanyoosha mkono kumshika bega, ule ule wenye dole gumba lililong'atwa. Nikaingia katikati yao.

"Mama Venant," akanong'ona, meno yamebanana, "wageni."

"Nimewaona. Mwache apite."

"Akitoka, asirudi."

Nilisikia maneno hayo vizuri. Niliona kamba, nikaona ghala, nikaona shavu la mwanangu kwenye mti. Kama ningekaa chini wakati ule labda angebaki shule siku moja zaidi, ndani ya ule mlango wenye kitasa cha nje. Sikukaa. Nilisimama pale nimetanua kanga yangu, Venant akapita nyuma ya mgongo wangu, na tukasikia bomba linafunguliwa.

Mikono yote ilikuwa bado juu. Daktari Hana alimuuliza Gervas kuna nini. Gervas akasema wazi mbele ya mwalimu mkuu kwamba mtoto hajafukuzwa wala hajatoroka. Ameambiwa kinachokuja, ameamua kusubiri nje. Akaonyesha televisheni. Njano ilikuwa inafifia.

"Basi pigeni," akasema Daktari Hana. "Tuone."

Wakapiga. Yakaanza taratibu, yakakimbia, bati likavuma, Kija akasimama juu ya benchi akapiga honi ambayo nadhani hata watu wa mtaa wa Shanwe waliisikia. Huku kelele zote hizo zikiendelea, ukutani kijani kikarudi na hakikutikisika. Wageni walikuwa wanaangalia rangi. Mimi nilikuwa naangalia nje, mgongo wa shati nililolipiga pasi, umeinama juu ya maji.

Makofi yakaisha. Bomba likafungwa. Venant akatokea mlangoni mikono inachuruzika, anarudi kwenye dawati lake kama tulivyozoea.

Mwalimu mkuu alipoona kile kijani, hofu ikamtoka na furaha ikamjaa, na sidhani hata alikumbuka alichoniambia. Aliwageukia wageni, akasema hayo ndiyo mafanikio ya shule yetu, huyu hapa kijana wetu, anastahili treni nyingine, ya kwake peke yake. Akainua mikono yake miwili. Na watu, kwa mazoea tu, wakainua ya kwao, hata Daktari Hana.

Venant akasimama pale pale kizingitini. Vidole vikaanza. Ukutani kukawa njano, kisha njano iliyoiva, na simu mezani ikaanza kutetemeka.

"Mikono chini," nikasema.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Romana. Aliikalia kabisa mikono yake. Kisha Kija, aliyejiziba mdomo pia. Kisha wazazi, benchi zima. Daktari Hana aliishusha yake akaiweka magotini, na wenzake wakamfuata. Akabaki mwalimu mkuu peke yake, mikono juu, dole gumba lina kovu jipya, ananitazama mimi na mimi namtazama yeye. Nilikuwa tayari kusimama hapo mpaka jioni. Akaishusha.

Venant aliangalia mikono yetu, benchi moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka akamaliza darasa lote. Ile rangi ya ukutani hakuna aliyekuwa anaitazama tena.

"Treni imepita," akatuambia, akaenda kukaa kwenye dawati lake.